Kutoka Maabara hadi Darasani: Mwanasayansi Anaweza Kufundisha Wapi, na kwa Cheti Gani?

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina wanasayansi wengi kuliko watu wanavyodhani. Naliendele, pembeni ya Mtwara mjini, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinachobeba utafiti wa korosho nchini. Upande wa Lindi, eneo la Ngongo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaweka kampasi ya fani za kilimo kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuendeleza elimu ya juu. Ukijumlisha gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, pamoja na hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mdomo wa Mto Ruvuma, unaona kwa nini vijana wenye shahada za sayansi hawaachi kuja kusini kwa mikataba ya utafiti.

Mikataba hiyo ina tarehe ya mwisho. Fedha za mradi zikikata, mtu anabaki na machapisho mawili matatu, mkono uliozoea maabara, na ushauri unaotoka kila upande kwamba akafundishe. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Huyu anamwambia kuwa mwenye shahada ya uzamivu anafundisha popote anapotaka. Yule anasema asiyesomea ualimu tangu mwanzo ameshafungiwa mlango. Tangu usaili wa walimu wa shule za serikali ulipoanza kuendeshwa na Sekretarieti ya Ajira mwaka 2025, uvumi umezidi, na wapo wanaotuma maombi ya kada wasiyo na sifa nayo kisha wakalaumu mfumo. Wote hao wanakosea mahali pamoja: wanaichukulia elimu kama ajira moja, ilhali ni ajira kadhaa zenye waajiri, sheria na vyeti tofauti.

Nani ni nani

Mwalimu, kwa maana ya kiutumishi, ni wa shule ya awali, msingi au sekondari. Akiwa serikalini anafanya kazi chini ya halmashauri, na mambo yake ya kupanda cheo na nidhamu yanashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC).

Mkufunzi yuko kwenye chuo cha kati. Hapa watu huchanganya zaidi, kwa sababu vyuo vya kati havina mwajiri mmoja. Vyuo vya ualimu vya serikali, kama Mtwara Kawaida, Mtwara Ufundi, Kitangali kule Newala na Nachingwea, viko chini ya Wizara ya Elimu. Chuo cha kilimo cha MATI Mtwara kiko chini ya Wizara ya Kilimo. Vyuo vya afya vina wizara yake. Vyuo vya fani kama kilimo na afya hupata ithibati kutoka baraza moja, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), lakini barua ya ajira inatoka sehemu tofauti.

Mhadhiri ni wa chuo kikuu au chuo kikuu kishiriki, kama Stella Maris hapo Mtwara, na viwango vyake vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mwalimu wa ufundi stadi ni wa vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Halafu wapo wanaofundisha watu wazima nje ya darasa: maafisa ugani, wawezeshaji wa mashamba darasa, waelimishaji wa hifadhi. Hao wa mwisho hutajwa mara chache katika mazungumzo haya, na ni kosa, maana kwa mtafiti wa kilimo huko ndiko karibu zaidi na anakotoka.

Sekondari: cheti kinachotafutwa na mtego uliomo

Tuanze na sekondari kwa kuwa ndiko wengi wanakofikiria kwanza, na ndiko upungufu wa walimu wa fizikia, kemia na hesabu unapouma.

Mwenye shahada ya sayansi isiyo ya ualimu hajafungiwa mlango. Anachohitaji ni Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ambayo wengi huiita PGDE. Ni masomo ya mwaka mmoja hivi. Anayesoma kwa masafa, kwa mfano kupitia Chuo Kikuu Huria ambacho kina vituo Mtwara na Lindi, anaweza kuchukua muda mrefu zaidi kwa kuwa anasoma huku akifanya kazi. Ndani yake kuna saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, mbinu za kufundishia somo husika, na wiki kadhaa za mazoezi ya kufundisha shuleni. Ukimaliza, unaomba kada ileile ya Mwalimu Daraja la III C anayoomba aliyesoma shahada ya ualimu.

Mtego uko kwenye masomo ya kufundishia. Tangazo la ajira halitafuti mwanasayansi kwa ujumla. Linatafuta mwalimu wa fizikia, wa kemia, wa baiolojia, wa hesabu. Mtu aliyesoma shahada ya sayansi ya bahari, bioteknolojia au sayansi ya chakula hana somo la shule lenye jina hilo. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya PGDE popote, toa nakala ya matokeo yako ya chuo, ile transkripti, chukua kalamu mbili za rangi. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari kozi zote ambazo ofisa asiyekujua angekubali kuwa ni baiolojia. Kwa ya pili pigia za kemia, au fizikia, au hesabu. Rangi moja ikitawala na nyingine ikionekana mara mbili tu, una somo moja, na hilo la pili litakusumbua. Nenda na karatasi hiyo kwenye idara ya elimu ya chuo unachotaka kujiunga nacho, waulize kwa maandishi watakusajili kwa masomo gani mawili. Jibu hilo lina thamani kuliko ushauri wa watu kumi. Aliyesajiliwa kwa masomo ambayo transkripti yake haiyabebi hukwama wakati wa uhakiki, ada ikiwa imeshalipwa na mwaka umeshapita.

Shule binafsi zina uhuru kiasi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inatambua leseni ya kufundisha, inayotolewa kwa muda maalumu kwa mtu asiye na taaluma ya ualimu. Shule nyingine huajiri kwanza kisha mambo ya leseni yakasahaulika, mpaka mkaguzi anapofika. Muulize mwenye shule waziwazi: leseni imeombwa? Kwa jina la nani? Inaisha lini? Na uichukulie kama daraja la kuvukia ukiwa unasoma PGDE, kwa kuwa leseni haikupi sifa ya kuomba kada ya mwalimu serikalini.

Kuhusu madai kwamba shahada ya uzamivu italeta mshahara mnono zaidi shuleni: mshahara wa umma hufuata nafasi iliyotangazwa na muundo wa utumishi wa kada hiyo. Ukiomba nafasi inayotaka shahada ya kwanza, utaanzia pale nafasi inapoanzia. Fanya hesabu ya maisha yako kwa kiwango hicho.

Makaratasi yanayoangusha watu

Wanasayansi wengi huondolewa kwenye mchujo kabla hawajasailiwa, na sababu huwa ndogo za kusikitisha. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hurudia masharti yaleyale: mwombaji asizidi miaka 45 isipokuwa aliyeko tayari serikalini, hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki badala ya vyeti halisi, matokeo ya muda ya chuo hayakubaliki, nakala zithibitishwe na mwanasheria. Aliyesoma nje ya nchi apeleke shahada yake TCU ikahakikiwe, na vyeti vya sekondari vya nje vipelekwe Baraza la Mitihani (NECTA). Mambo haya huchukua wiki, na tangazo huwa wazi kwa siku chache. Yafanye kabla tangazo halijatoka.

Majina ni tatizo jingine, na huku kwetu ni kubwa. Mtu anaitwa Bakari kwenye cheti cha kuzaliwa, Abubakari kwenye cha kidato cha nne, na kwenye machapisho yake ameweka jina la babu mwishoni. Kwa mfumo, hao ni watu watatu. Hati ya kisheria ya majina hutatua hilo, mradi iwe imeshatengenezwa.

Kwa mtafiti aliyeko kwenye ajira ya kudumu ya serikali, habari ni tofauti kidogo. Akitaka kuhamia ualimu au ukufunzi, anabadilisha kada, na hilo linahitaji kibali cha Ofisi ya Rais (Utumishi) kupitia kwa mwajiri wake, pamoja na nafasi yenye bajeti huko aendako. Barua yake ipite kwa mwajiri. Asiandike barua ya kuacha kazi kwa kutegemea ahadi ya mdomo, hata aliyeahidi akiwa mtu mkubwa kiasi gani.

Kujua somo na kulifundisha

Sasa sehemu ambayo watafiti wengi huidharau. Wanaiona PGDE kama muhuri tu wa kupatia kazi. Mtu yeyote aliyewahi kubebesha miche ya korosho atanielewa nikisema kuwa kikonyo kilichokatwa kwenye mti mama bora kabisa hukauka kisipofungwa kwenye mche wenye mizizi. Ujuzi wako wa utafiti ni kikonyo kizuri. Mizizi ni kumjua mwanafunzi: anachokijua tayari, anachokosea na kwa nini anakikosea.

Kosa la kwanza la mtafiti darasani ni wingi. Semina ya watafiti hubeba matokeo ya miaka miwili ndani ya dakika ishirini. Kipindi cha sekondari cha dakika 40 kinabeba wazo moja, mawili yakizidi. La pili ni kuanza na fasili, kisha kanuni, kisha mfano, ilhali mtoto wa miaka kumi na minne hushika mambo yakienda kinyumenyume: aone kitu, abishane juu yake, ndipo apewe jina lake. Kosa la tatu ni lugha. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza wametoka kusoma msingi kwa Kiswahili na sasa wanafundishwa kwa Kiingereza. Ukiingia na maneno mapya kumi na tano kwa kipindi kimoja, umefundisha msamiati na sayansi imebaki mlangoni. Maneno matano au sita, yaandikwe ubaoni tangu mwanzo, yanatosha.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu: asidi na besi, katika shule isiyo na kemikali za kutosha. Kiashiria, yaani kitu kinachobadili rangi kuonyesha asidi au besi, unaweza kukipata sokoni. Chukua vijiko vikubwa viwili vya choya kavu, ambayo wengine huiita rozela, mimina nusu lita ya maji ya moto, acha dakika kumi, chuja. Kwa besi, koroga kikombe cha majivu ya kuni kwenye lita moja ya maji, acha usiku kucha, asubuhi chota maji ya juu yaliyotulia. Asidi zimejaa tele: ndimu, ukwaju, juisi ya mabibo wakati wa msimu. Weka mililita 5 za kila kimiminika kwenye testi tyubu, dondosha matone matano ya choya. Kwenye ndimu rangi inakuwa nyekundu inayowaka. Kwenye maji ya majivu inageuka kijani.

Rahisi, lakini jaribio hili huharibika, na linavyoharibika ndivyo linavyofundisha. Choya yenyewe ina asidi. Mwanafunzi akimimina badala ya kudondosha, asidi ya choya humaliza nguvu ya maji ya majivu na rangi hubaki nyekundunyekundu. Mwalimu asiyejua sababu atasema jaribio limegoma na kufuta ubao. Mtafiti anajua, na hapo ndipo alipo na faida kubwa kuliko yeyote: awaambie wanafunzi wahesabu matone, tone baada ya tone, waone ni wapi rangi inageuka. Wameshafika kwenye wazo la usawazishaji wa asidi na besi bila bureti. Choya iliyochemshwa jana huchacha upesi kwa joto la pwani, hivyo itengenezwe siku hiyohiyo. Maji ya majivu yaliyokolea yanababua macho, kwa hiyo wasimamizi wa makundi wavae miwani na pawe na ndoo ya maji safi karibu. Maganda ya korosho mbichi yasiguswe kabisa kwenye majaribio ya darasani, kwa kuwa mafuta yake huunguza ngozi.

Kisha kuna upangaji. Darasa la wanafunzi 60 ni makundi kumi ya watu sita. Usipoandaa sinia kumi jana yake, kila moja na testi tyubu zake, vimiminika vyake vilivyoandikwa majina na kidondoshi chake, ugawaji utakula robo ya kipindi na kelele itamaliza kilichobaki. Omba vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Kwenye andalio la somo, ule mpangilio uliozoeleka wa utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho, andika pia swali moja la kumpima kila mtu kabla ya kengele. Kwa mfano: kwa nini matone matano yaligeuza rangi na kumimina choya nyingi kukashindwa? Majibu ya karatasi hizo ndiyo yatakayokuambia kesho uanzie wapi. Mtafiti anazifahamu data, na hizi ni data zake mpya.

Azimio la kazi, andalio, shajara ya darasa, upimaji endelevu: watafiti hulalamikia makaratasi haya mwezi wa kwanza. Ni daftari lako la maabara kwa sura nyingine. Mwalimu akiugua, mwenzake anaendelea kutoka hapo.

Vyuo vya kati na vyuo vikuu

Kwa mwenye shahada ya kilimo, ukufunzi wa chuo kama MATI hufanana zaidi na maisha aliyoyazoea: kuna shamba, kuna mazoezi kwa vitendo, na wanafunzi ni watu wazima. Hapa kigezo cha kuingilia huwa ni fani yenyewe, na mbinu za kufundishia hufuata baadaye, kwa kuwa mafunzo ya NACTVET yamejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi hupimwa kwa anachoweza kufanya. Chuo cha ualimu ni kitu kingine. Pale unafundisha watu namna ya kufundisha, na mkufunzi asiyewahi kusimama mbele ya darasa la shule wanafunzi wake humgundua wiki ya kwanza. Anzia sekondari. VETA inamfaa mwanasayansi mwenye ufundi wa mikono, kama usindikaji wa chakula au vifaa vya maabara. Kwa mwingine yeyote nafasi ni chache.

Chuo kikuu kina vigezo vikali kuliko watu wanavyofikiri. Matangazo ya vyuo vya umma kwa kawaida hutaka wastani wa alama 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye shahada ya umahiri, hata kwa mtu mwenye uzamivu na machapisho mazuri. Aliyemaliza shahada ya kwanza na 3.4 miaka kumi iliyopita anaweza kukwama hapo, na inauma, kwa sababu alama ile haiwezi kubadilishwa na kazi nzuri aliyofanya baadaye. Halafu mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho. Anayeacha utafiti kwa kuchoka na kusaka fedha za miradi na majarida asidhani uhadhiri utampumzisha.

Uhadhiri wa muda upo pia, wa kulipwa kwa saa. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: je, kutunga na kusahihisha mitihani kumo ndani ya malipo hayo? Malipo hutoka lini? Ukipewa wanafunzi wa kuwasimamia utafiti wao, nani analipia muda huo? Kusahihisha vitabu vya mtihani mia mbili kunaweza kuchukua saa nyingi kuliko vipindi vyenyewe.

Darasa lisilo na kuta

Shamba darasa ni shule kamili. Wakulima 20 hadi 30 hukutana kila wiki kwenye shamba moja kwa msimu mzima, wanalinganisha vipande viwili: kimoja wanavyolima siku zote, kingine kwa njia mpya, na wao wenyewe ndio wanaopima na kuhitimisha. Mtafiti akiingia pale kwa mtindo wa kutoa mhadhara, wiki ya tatu atabaki na watu wanane. Mkulima wa Tandahimba ameshapuliza salfa miaka mingi. Kumwambia ubwiriunga ni kuvu hakumsaidii sana. Mwonyeshe kwa lenzi ya mkononi ule unga mweupe kwenye machipukizi na maua, kisha muulize kwa nini yeye na jirani zake hupuliza alfajiri. Atakujibu kuwa umande hushika unga wa salfa na upepo umetulia. Kutoka hapo mnaweza kujadiliana salfa inazuia nini, na kwa nini kupuliza ukiwa umeshachelewa ni kupoteza fedha. Waajiri wa kazi hii ni halmashauri, Bodi ya Korosho yenye makao yake Mtwara, vyama vya ushirika na miradi. Ya miradi nayo ina tarehe ya mwisho, hilo lijulikane mapema.

Kuna pia elimu ya sayansi kwa umma. Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 yalichimbwa mabaki ya dinosaria na kubebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, yakapelekwa Berlin ambako mifupa ya Giraffatitan imesimama makumbusho mpaka leo. Kazi ya uchimbaji ilisimamiwa kwa karibu na Mtanganyika, Boheti bin Amrani. Watoto wengi wa Lindi humaliza shule bila kufundishwa hayo na mtu anayejua jiolojia. Ajira rasmi za kazi hii ni chache mno kwa sasa, na sitamdanganya mtu kwamba ataishi kwayo.

Lakini ni mahali pazuri pa kujaribu mkono wako mkataba wa utafiti ukiwa bado unaendelea. Mwandikie mkuu wa shule ya sekondari iliyo karibu barua fupi: utakuja kila Jumatano baada ya vipindi, wiki nane, kuongoza klabu ya sayansi, na utaleta vifaa vyako. Taja mwalimu wa somo utakayeshirikiana naye ili asione unamwingilia. Mlenge kuandaa kazi za wanafunzi za kupeleka kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza 2011, ambako wanafunzi wa sekondari huwasilisha utafiti wao wenyewe. Mwalimu huyo akikubali, mwombe akae nyuma ya darasa siku moja na akuandikie mambo matatu aliyoyaona yamekwenda vibaya, na uyafanyie kazi kabla ya Jumatano inayofuata. Ukifika wiki ya nane bado unatamani kurudi, jaza fomu ya PGDE.